Shajara ya mradi: msuli wa njia ya hewa, pumu na mvuke wa nusukaputi

Swali tunalolifuata

Mgonjwa wa pumu akishalazwa kwa nusukaputi, hatari yake kubwa iko kwenye zile sekunde chache mpira wa kupumulia unapopita koo na kugusa ukuta wa trakea (bomba kuu la hewa). Ujumbe hupanda na neva ya vagasi hadi shina la ubongo, ukateremka kwa neva hiyohiyo, asetilikolini (kemikali ya neva inayokaza msuli) ikamwagika juu ya msuli laini, na njia ya hewa ikabana. Asiye na pumu hubanwa kidogo, kisha hali hupoa. Mwenye pumu ana msuli mnene zaidi, utando uliovimba na ute mwingi, kwa hiyo mkazo uleule mdogo unaweza kuziba kabisa.

Kwamba dawa za mvuke hulegeza njia ya hewa ni jambo la zamani. Mwaka 1997 Rooke na wenzake walipima ukinzani wa njia za hewa kwa wagonjwa waliokwisha kuingizwa mpira, wakakuta sevoflureni inaupunguza zaidi ya isoflureni na halotheni. Sisi tunauliza kitu chembamba zaidi: dawa inakatiza wapi? Kwenye neva, kabla asetilikolini haijamwagwa, au ndani ya msuli wenyewe, baada ya kipokezi chake cha asetilikolini, M3, kuguswa?

Njia tuliyochagua ni ya kizamani na bado ni nzuri: vipande vya msuli wa trakea ya ng'ombe vinavyotundikwa ndani ya beseni dogo la kioo, vikikazwa kwa njia mbili. Kwanza kwa umeme unaoamsha neva zilizobaki ndani ya kipande. Pili kwa kabakoli, inayogusa kipokezi cha msuli moja kwa moja bila kupitia neva. Mvuke ukipunguza mkazo wa umeme zaidi kuliko wa kabakoli, sehemu ya kazi yake iko kwenye neva. Kwa maneno ni rahisi hivyo. Shajara hii karibu yote inahusu mambo mengine yanayolegeza msuli ndani ya beseni ambayo hayana uhusiano wowote na dawa, maana kila moja linaweza kutupa jibu la uongo lenye sura nzuri.

Wiki ya 1: maji ya Krebs

Haya ni maji ya chumvi yanayouweka msuli hai ndani ya beseni. Kwa lita 1 ya maji yaliyosafishwa:

- kloridi ya sodiamu 6.90 g (118 mM, yaani milimoli 118 kwa lita)
- kloridi ya potasiamu 0.35 g (4.7 mM)
- salfeti ya magnesiamu yenye maji 7 ya fuwele, 0.296 g (1.2 mM)
- fosfati ya potasiamu KH2PO4, 0.163 g (1.2 mM)
- bikaboneti ya sodiamu 2.10 g (25 mM)
- glukosi 2.00 g (11.1 mM)
- kloridi ya kalsiamu yenye maji 2 ya fuwele, 0.368 g (2.5 mM)

Kalsiamu ndiyo ya mwisho, tena baada ya maji kupitishiwa gesi ya 95% oksijeni na 5% kaboni dayoksaidi kwa dakika 15 hivi. Ikiwekwa mapema, maji bado yana alkali nyingi, na kalsiamu hushikana na kaboneti na fosfati ikawa vumbi jeupe. Maji yaliyofifia kama yaliyotiwa tone la maziwa hayatibiki kwa kuchuja. Kalsiamu iliyokwisha kutuama haimo tena kwenye maji, na msuli unaotegemea kalsiamu utakaza kwa unyonge. Mwaga, anza upya. Sisi tunayeyusha kalsiamu pembeni kwenye 50 ml, kisha tunaitia polepole huku tukikoroga.

Gesi ndiyo inayoshika pH. Kwa bikaboneti ya 25 mM na CO2 ya 5%, ukitoa mvuke wa maji wa 47 mmHg kwa nyuzi 37, unabaki na CO2 ya karibu 36 mmHg, na hesabu inatoa pH ya takriban 7.45. Mtungi wa oksijeni tupu ukifungwa kwa bahati mbaya mahali pa mchanganyiko, pH ya maji itapanda kupita 8, na hakuna rangi wala harufu ya kukuonya. Tangu sasa pH inapimwa ndani ya beseni asubuhi kabla ya tishu kuingia, na mara ya pili mwisho wa siku.

Ndani ya maji hayo tunatia indomethasini ya 10 µM, ili msuli usitengeneze prostaglandini zinazopandisha na kushusha mstari wa msingi (nguvu ya msuli usiochochewa) kwa hiari yake. Tunayeyusha 3.58 mg kwa kila 1 ml ya ethanoli, yaani 10 mM, halafu 1 ml ya hiyo kwa kila lita ya Krebs. Ethanoli inayoingia ni 0.1%, na beseni la kulinganishia, lisilopata mvuke, linapata kiasi hichohicho.

Wiki ya 2: kukata tishu

Trakea huchukuliwa machinjioni mara mnyama anapochinjwa, ikatumbukizwa ndani ya Krebs ya baridi (nyuzi 4) iliyokwisha kupitishiwa gesi. Chombo kijae hadi mdomoni ili CO2 isipotee njiani. Kinachotumika ni kipande cha katikati, sentimita 10 hivi. Juu karibu na zoloto na chini karibu na njia panda ya mapafu, msuli hubadilika unene.

Ng'ombe ana msuli wake upande wa ndani wa ncha za gegedu, tofauti na mbwa ambaye msuli hushika kwa nje. Jambo hili linaonekana dogo hadi mtu aliyezoea mbwa anapoanza kukwangua upande wa nje wa trakea ya ng'ombe akitafuta msuli usiokuwepo. Utaratibu ni huu: kata gegedu upande wa mbele, mkabala na msuli, fungua bomba kama kitabu, libane kwa pini kwenye sahani yenye nta, utando wa ndani ukitazama juu. Shika kona ya utando kwa kibanio chembamba, uinue, ukate nyuzi nyeupe zinazoushikilia kwa ncha ya mkasi, uuvue polepole. Chini yake utaona msuli: mikanda ya waridi iliyopauka, imelala kwa upana kutoka ncha moja ya gegedu hadi nyingine.

Kwa upana! Hapa ndipo kosa baya kuliko yote ya wiki hii. Nyuzi za msuli huu haziendi na urefu wa trakea, zinaikata kwa upana. Ukikata kipande kufuata urefu wa bomba, unapata kitu kizuri kwa macho, chenye uzito unaofaa, ambacho ndani yake kila uzi umekatwa kuwa kijipande cha milimita 2. Hakitakaza. Na kwa kuwa kitakaa kimya, mtu atadhani tishu imekufa njiani na kulaumu barafu. Tunakata vipande vya upana wa 2 mm na urefu wa 10 mm, sambamba na mikanda, na ncha zinafungwa kwa uzi wa hariri namba 4-0 kabla ya kuondolewa kwenye sahani. Ukifunga baada ya kukiondoa, kipande hujikunja na urefu wake hauujui tena.

Utando tumeamua kuuondoa wote. Unatoa vitu vinavyolegeza msuli, na kiasi cha utando kinachosalia kikitofautiana kati ya kipande na kipande, tofauti hiyo itaonekana kama tofauti ya dawa. Tunajua tunachopoteza: katika pumu utando huo ndio unaochubuka. Hilo litahitaji mradi wake.

Wiki ya 3: kutundika, joto na mvuto

Mabeseni ni manne, ya 10 ml, yenye kuta mbili ambazo maji ya moto huzunguka kati yake. Ndoano ya chini imeshikwa na fimbo ya kioo. Uzi wa juu unakwenda kwenye kipima-nguvu.

Joto linapimwa ndani ya beseni. Mashine ya kuzungusha maji ikisomeka 37, beseni la mwisho kwenye mstari linaweza kuwa chini ya hapo kwa zaidi ya nyuzi 1, kwa sababu mabomba hupoteza joto njiani. Tumevika mabomba sponji na kupandisha mashine hadi beseni zote nne zisimame kati ya 36.8 na 37.2.

Vipima-nguvu vinawashwa saa nzima kabla ya kazi. Vikiwa bado vinapata joto, mstari wa msingi huteremka wenyewe, na mteremko huo ukikutana na mvuke ulioanza kupulizwa unaonekana kabisa kama msuli unaolegea. Baada ya hapo ni kulinganisha kwa mawe ya mizani: 0, 0.5, 1, 2 na 5 g, ambapo 1 g ni 9.81 mN. Upepo wa feni au kiyoyozi unaopiga kwenye uzi nao huandikwa na kalamu. Tumeweka ukuta wa plastiki angavu kuzunguka meza.

Kipande kikishatundikwa hupewa mvuto mdogo, kisha kinavutwa hatua kwa hatua. Ukikivuta, nguvu hupanda ghafla halafu huteremka kwa dakika kadhaa, maana tishu inajilegeza ndani ya mvuto. Anayerekodi mvuto mara tu baada ya kuvuta anarekodi namba itakayokuwa imebadilika kabla hajamaliza kuiandika. Tunasubiri dakika 10, tunakaza kwa umeme mara moja, tunaandika nguvu ya juu ukitoa ya msingi, tunavuta tena 0.5 mm. Urefu unaotoa nguvu kubwa kuliko zote ndio tunaofanyia kazi siku nzima. Watu wengi huweka tu 2 g kwa kila kipande na kuendelea; inaokoa saa moja, ila kipande chembamba na kinene havifiki urefu mmoja kwa mvuto uleule.

Kisha dakika 90 za kutulia, maji yakibadilishwa kila dakika 15.

Mtihani wa uhai ni kloridi ya potasiamu: 200 µl ya 3 M (22.4 g kwa 100 ml) ndani ya 10 ml, yaani karibu 60 mM. Potasiamu huamsha pia ncha za neva zikamwaga asetilikolini, kwa hiyo mkazo unaouona ni wa msuli na neva kwa pamoja. Kwa kuuliza tu "kipande ki hai?" inatosha. Kwa kuuliza lolote kuhusu milango ya kalsiamu ya msuli, lazima kuwe na atropini ya 1 µM, inayoziba kipokezi cha asetilikolini, na potasiamu ichukue nafasi ya sodiamu badala ya kuongezwa juu yake, la sivyo chumvi ya jumla inapanda na kukausha seli.

Wiki ya 4: kabakoli

Asetilikolini yenyewe ingekuwa karibu zaidi na mwili, lakini msuli una kimeng'enya kinachoivunja, na kiasi ulichotia sicho kinachofika. Kabakoli haivunjwi na kimeng'enya hicho. Akiba ni 10⁻² M: 18.3 mg ndani ya 10 ml ya maji, kisha inapunguzwa mara kumi kumi hadi 10⁻⁵ M.

Dozi zinapandana bila kusafisha katikati. Kwa beseni la 10 ml:

- 10 µl ya 10⁻⁵ M, beseni linafika 10⁻⁸
- 20 µl ya 10⁻⁵ M, 3×10⁻⁸
- 7 µl ya 10⁻⁴ M, 10⁻⁷
- 20 µl ya 10⁻⁴ M, 3×10⁻⁷
- 7 µl ya 10⁻³ M, 10⁻⁶
- 20 µl ya 10⁻³ M, 3×10⁻⁶
- 7 µl ya 10⁻² M, 10⁻⁵
- 20 µl ya 10⁻² M, 3×10⁻⁵

Jumla ni 111 µl, zaidi kidogo ya 1% ya beseni, hivyo maji hayaongezeki kiasi cha kusumbua hesabu. Dozi inayofuata haiingii mpaka mstari umelala. Anayeharakisha anapata mchoro (wa nguvu dhidi ya dozi) uliosogea kulia, na mchoro uliosogea kulia ndio hasa tunaoutarajia kutoka kwa dawa inayolegeza.

Nguvu inagawanywa kwa eneo la kipande. Eneo ni uzito uliogawanywa kwa urefu na kwa 1.05 mg/mm³: kipande cha 20 mg chenye urefu wa 10 mm kina 1.9 mm². Uzito unapimwa mwisho, kikishakaushwa kwa karatasi ya kunyonya kwa namna moja kila siku.

Tatizo la wiki: mchoro wa pili kwenye kipande hichohicho, bila dawa yoyote, haulingani na wa kwanza. Kipande huchoka, na pengine hakikusafishika vizuri. Ndiyo maana katika kila siku ya kazi beseni moja kati ya manne halipati mvuke kabisa. Linapata gesi ileile kwa muda uleule na dozi zilezile. Bila beseni hilo hakuna namba hata moja ya mradi huu inayoweza kuaminika.

Wiki ya 5 na ya 6: mvuke

Chombo cha kuvukiza ni cha aina ya hospitalini, na hospitalini kinalishwa oksijeni au hewa. Jaribio la kwanza kilifungwa vilevile, kwa oksijeni, na vipande vikabadilika tabia hata kabla kitasa cha mvuke hakijafunguliwa. Sababu ni ileile ya wiki ya 1: bila CO2, pH ilipanda. Laiti tungekuwa tumefungua kitasa mara moja, badiliko lote lingeandikwa kwenye hesabu ya isoflureni. Sasa chombo kinalishwa mchanganyiko wa 95 na 5, na gesi ya beseni la kulinganishia nayo hupitia chombo cha aina hiyohiyo kilichofungwa.

Mvuke wenyewe unaipunguza CO2 kidogo. Kwa 4% ya sevoflureni, CO2 inashuka kutoka 5% hadi 4.8%, na pH inapanda kwa chini ya 0.02. Hilo tunaliacha lilivyo.

Kiwango. MAC, yaani kiasi kinachozuia nusu ya watu wasiruke wanapokatwa ngozi, ni karibu 2% kwa sevoflureni, 1.2% kwa isoflureni, 0.75% kwa halotheni na 6% kwa desflureni, kwa mtu mzima wa makamo. Ndani ya maji ya chumvi ya nyuzi 37, MAC moja ya isoflureni ni takriban 0.3 mM, na ya sevoflureni iko hapohapo: gesi yake ni nyingi zaidi, lakini haipendi maji. Tunafanya kazi kwa 0.5, 1 na 2 MAC. Juu ya hapo utapata kulegea kwa kupendeza kusikohusu mgonjwa yeyote.

Asilimia kwenye kitasa si kiasi kilicho ndani ya maji. Mambo manne yanapunguza:

Kwanza mabomba. Mpira na silikoni hunyonya mvuke huu, halotheni hasa, na huutoa tena saa nyingi baadaye ndani ya beseni la kulinganishia. Tumebadilisha yote kuwa kioo, Teflon na chuma kisichoshika kutu.

Pili mdomo wa beseni. Ukiwa wazi, mvuke hutoroka juu ya maji. Kifuniko chenye tundu dogo la uzi kinasaidia sana, ila uzi ukigusa ukingo wa tundu, msuguano unakula nguvu na mkazo unaandikwa kwa ngazi badala ya mteremko laini. Ukiona ngazi, tazama tundu kwanza.

Tatu ukavu. Gesi kavu inayobubujika kwa saa nne hunyonya maji ya beseni na kuacha chumvi ikikolea. Gesi inapita kwanza kwenye chupa ndogo ya maji ya nyuzi 37. Chupa iwe ndogo kweli, kwa sababu nayo lazima ijae mvuke kabla beseni halijafikiwa. Chupa ya nusu lita ilitulazimisha kusubiri karibu saa nzima; ya 30 ml inaruhusu kuanza baada ya dakika 20.

Nne, muda. Mvuke ukifungwa, maji yanaupoteza mara moja. Kwa hiyo kubadilisha maji katikati ya dozi kunafanywa kwa Krebs iliyokwisha kupitishiwa mvuke uleule kwenye hifadhi, kamwe si kwa maji mapya ya kawaida.

Kiasi halisi kinapimwa: 0.5 ml hutolewa kwenye beseni kwa sindano ya kioo isiyovuja, bila kiputo ndani, ikapelekwa kwenye kromatografu ya gesi. Kiputo kikiingia, mvuke unahamia humo na namba inashuka.

Kwa maabara zilizo kwenye miinuko: kinachofanya kazi ni shinikizo la mvuke, wala si asilimia. Chombo cha kawaida cha isoflureni au sevoflureni hutoa shinikizo karibu lilelile hata mahali pa juu, ingawa asilimia inasomeka kubwa. Cha desflureni, kinachopashwa moto kwa umeme kwa sababu dawa hiyo huchemka karibu na nyuzi 23, hutoa asilimia ileile, kwa hiyo shinikizo linapungua na kitasa lazima kiongezwe.

Halotheni huuzwa ikiwa na 0.01% ya thimoli ya kuihifadhi. Thimoli haivukizwi pamoja nayo. Inabaki, inakuwa ya njano na kunata, na kukwamisha kitasa. Chombo cha halotheni kinamwagwa na kusafishwa kwa ratiba.

Na mvuke unaotoka juu ya beseni lazima uende nje ya jengo kwa bomba la kunyonya. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilipendekeza mwaka 1977 kwamba mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 2 kwa milioni ya dawa za aina hii kwa muda wa saa moja. Mabeseni manne yaliyo wazi kwenye chumba kidogo yanapita hapo bila mtu kunusa chochote.

Wiki ya 7: umeme

Waya mbili za platini, moja kila upande wa kipande, bila kukigusa. Mapigo ya 0.5 ms, kwa sekunde 10, kila dakika 3, kutoka 0.5 Hz hadi 32 Hz.

Ng'ombe ana neva za noradrenalini pia kwenye trakea, zinazolegeza. Zikiamshwa pamoja na zile za asetilikolini, unachopima ni tofauti ya mbili. Propranololi ya 1 µM, inayozuia kulegeza huko, inaingia kwenye maji. Kisha ukaguzi mara mbili: atropini ya 1 µM lazima ifute mkazo, kuthibitisha kwamba ni asetilikolini, na tetrodotoksini ya 1 µM, inayonyamazisha neva, kwenye kipande kingine, lazima ifute pia, kuthibitisha kwamba imepitia neva. Kinachobaki baada ya tetrodotoksini ni umeme unaogonga msuli wenyewe, na dawa ya hilo ni kufupisha pigo. Tetrodotoksini ni sumu kali: glavu, miwani, na daftari la kila mikrogramu.

Platini ikitoa viputo vidogo wakati wa mapigo, umeme umezidi. Maji yanachanganuliwa, pH karibu na waya inabadilika, na kloridi inakuwa klorini inayoharibu dawa nyeti kama isoprenalini.

Sasa kuhusu ulinganisho wenyewe, ambao ndio moyo wa mradi. Mkazo mdogo hulegezwa kwa urahisi kuliko mkazo mkubwa, na dawa yoyote. Ukilinganisha mvuke dhidi ya umeme wa 4 Hz na mvuke dhidi ya kabakoli ya 10⁻⁵ M, karibu lazima utapata kwamba umeme umeathirika zaidi, nawe utasema "neva", kumbe umepima ukubwa wa mkazo. Kila kipande kwa hiyo kinatafutiwa kwanza mapigo yanayotoa nusu ya nguvu yake ya juu, kisha kiasi cha kabakoli kinachotoa nusu hiyohiyo. Mvuke unakuja baada ya hapo. Majaribio yaliyofanyika kabla ya kanuni hii hayaingii kwenye hesabu, hata yale yaliyokuwa yanatupa tulichokitarajia.

Hesabu inafuata mnyama: vipande vinne vya trakea moja ni namba moja. Anayepima mistari hajui beseni gani lilikuwa na mvuke, kwani mafaili yana herufi tu.

Wiki ya 8: kuutikisa msuli

Msuli ulio ndani ya beseni umetulia. Ulio kifuani haujatulia hata dakika moja. Kila pumzi inauvuta, na Fredberg na wenzake walionyesha mwaka 1997, kwa trakea ya ng'ombe, kwamba mvuto huo mdogo unaojirudia hubandua myosini kutoka kwa aktini (protini mbili zinazovutana kukaza msuli) na kupunguza nguvu. Kwa mtu mzima asiye na pumu, pumzi ndefu hufungua njia ya hewa iliyobanwa. Kwa mwenye pumu hufungua kidogo au hapana. Mgonjwa aliye chini ya nusukaputi naye hapumui pumzi ndefu mwenyewe. Anapata kile mashine inachompa.

Kwa hiyo mkono wa injini umefungwa kwenye ndoano ya chini: 4% ya urefu, mara 12 kwa dakika. Kosa la kwanza lilikuwa la kiufundi tu, uzi wa hariri ulivutika pamoja na msuli na kula sehemu ya mwendo. Vibanio vidogo vya chuma vimechukua nafasi ya uzi kwa majaribio haya. Mvuke utapimwa kwa kipande kinachotikiswa na kisichotikiswa, kutoka trakea moja.

Yaliyobaki mezani

Ndani ya seli: asetilikolini ikigusa M3, kalsiamu inatoka ghalani, inashika protini ya kalmodulini, kimeng'enya kinatia fosfati kwenye myosini na msuli unakaza. Wakati huohuo njia ya RhoA, protini nyingine ya kupeleka ujumbe, inazuia kimeng'enya kinachoiondoa fosfati hiyo, hivyo kalsiamu ileile inatoa nguvu zaidi. Halotheni imeonekana kupunguza usikivu huu kwa kalsiamu pale kipokezi kinapochochewa. Tutatoboa seli kwa sumu-alfa ya stafilokokasi, inayofanya matundu madogo ya kupitisha kalsiamu na ATP (nishati ya seli) huku vipokezi vikibaki kazini. Sabuni ya Triton hairuhusiwi hapa, kwa kuwa inang'oa utando pamoja na uhusiano wote kati ya kipokezi na ndani.

Jambo la mwisho linahusu matumizi, nalo liandikwe kwenye kila ripoti itakayotoka hapa. Ndani ya beseni dawa inafika msulini kwa maji, kutoka kila upande. Kwa mgonjwa aliyebanwa vibaya, mvuke unapitia njia ileile iliyofungwa, na hewa isipoingia dawa haiingii. Ndiyo sababu adrenalini ya mshipani ina nafasi yake pale ambapo kufungua zaidi kitasa cha sevoflureni hakuwezi kusaidia. Mchoro wowote wa beseni unaomwonyesha msomaji 2 MAC ukilegeza msuli kabisa uwe na sentensi hiyo chini yake.

Wiki ya 9: trakea tatu, halotheni na sevoflureni kwa siku za kupishana, beseni namba 4 la kulinganishia lihamie nafasi ya kwanza ili joto la mwisho wa mstari lisiliangukie beseni moja kila siku.